Choma Sauti Zangu Zote

Kitengela,
9 Machi 2003

Mwalimu Kaluki,

Salamu kwanza, shida baadaye. Hapa studio tuko tu, tunasukuma. Vumbi ni lile lile, na yule fundi wa mageti hapo jirani bado anawasha mashine yake saa ile tu nasema "tayari, rekodi".

Juzi nilikupigia simu nikiwa nimesahau kabisa. Ukashika, nikasikia hewa inapita tu, ndio nikakumbuka habari ya operesheni yako ya shingo. Nikaona aibu, nikakata. Pole sana. Basi nimeshika kalamu kama watu wa zamani.

Maneno ni haya. Nataka tuhame programu ya kurekodi. Hii yetu ya kijani tumerekodi nayo tangu tufungue, lakini imezeeka. Inakwama katikati ya kiitikio na mteja amesimama pale amefunga macho analilia Mungu. Kuna mpya, skrini yake nyeusi ti. Jamaa mmoja kule Tuala alinionyesha. Mwalimu, hiyo kitu ni noma! Mtu akiimba nje ya noti, unaishika hiyo noti na mausi unaivuta mpaka inakaa mahali pake. Sauti nyembamba unaifanya nzito. Wateja wetu wote wanakimbilia huko Tuala kunyooshwa.

Sasa kompyuta ni yako, spika ni zangu, na tulikubaliana hakuna mtu anageuza kitu bila mwenzake. Ndio nauliza. Shida iko moja, na sitaki uisikie kwa mtu mwingine: nyeusi haifungui nyimbo za kijani. Zile zako zote uliimba kabla ya operesheni ziko kwa kijani, sauti tupu, bila ala. Tukihama bila kuzitoa, zimeenda.

Nijibu mapema. Msalimie mzee wako Ndambuki na mtoto.

Lennox Odero


Kajiado,
16 Machi 2003

Lennox,

Barua yako imefika pamoja na makosa yake. Jibu langu ni hapana.

Sauti inayohitaji mashine ili isimame haikupaswa kusimama mbele ya watu. Mimi nilifundisha kwaya nzima hapo Kitengela bila kuvuta noti ya mtu na kidude cha kompyuta. Niliwavuta kwa macho. Aliyeweza aliimba, asiyeweza alipanga viti.

Na usinifiche. Programu hii ni ya Shirleen, sivyo? Nimesikia siku hizi anashinda hapo studio. Yule binti wa Nalianya, wa "Pwana asifiwe"! Muda wote ule kwenye kwaya nilimwambia aseme Bwana, ba, ba, ba, na midomo yake ikagoma. Hiyo mashine yenu inanyoosha na midomo?

Wewe hujui maisha yangu hapa. Ndambuki alipohamishiwa ofisi za serikali Kajiado nilidhani mahali pageni patanisahaulisha. Wapi! Mama wa nyanya sokoni hunipigia kelele akidhani mimi ni kiziwi. Shule waliniandikia barua ya pole, wakampa mtu mwingine darasa langu la Kiswahili. Na Mutindi alizaliwa baada ya kile kisu. Mtoto wangu hajui sauti yangu, Lennox. Anajua huu upepo unaotoka kooni, na nikijaribu kumbembeleza nao analia zaidi. Nataka nyimbo zile zitiwe ala, zimalizike, azisikie, ajue mama yake alikuwa nani. Sauti niliyobaki nayo duniani ni hiyo tu, na imo ndani ya programu ya kijani.

Usiiguse.

Kaluki


Kitengela,
2 Aprili 2003

Mwalimu,

Umenichapa, na nimechapika. Lakini Shirleen si wa kupanga viti tena. Alisomea kompyuta, ndiye anapokea wateja, na hii mashine anaijua kuliko mimi. Usimdharau sana.

Hata ni yeye alifikiria jambo moja ambalo mimi halikuniingia akilini. Alisema, kama nyeusi inanyoosha sauti mbovu, kwa nini tusijaribu ya Mwalimu? Yaani hii ya sasa. Jirekodi kwa kaseti, uimbe vile unaweza, hata kama ni hewa. Tutaiingiza kwa kompyuta ya yule jamaa wa Tuala tuone itatoka vipi. Ikikubali, unamaliza albamu na mdomo wako mwenyewe. Ikikataa, tumepoteza kaseti tu.

Jaribu, dada. Hakuna mtu atasikia isipokuwa mimi.

Lennox


Kajiado,
11 Aprili 2003

Lennox,

Kaseti hii hapa. Ameibeba Lesiamon, jirani yetu mwenye duka la dawa za mifugo, ambaye huja huko na pikapu yake kuchukua bidhaa. Nilimwandikia kwenye karatasi kwamba ni mahubiri.

Nilingoja Ndambuki aende kazini. Nikampeleka Mutindi kwa jirani, nikafunga madirisha. Nimeimba ubeti wa kwanza wa "Nuru Imeingia", ule ninaoupenda. Usisikilize mwanzo, nilikuwa natafuta mahali pa kushika. Lakini pale kwenye "imeingia" kuna kitu kilitoka, chembamba hivi, kama uzi. Nafikiri kilitoka. Naomba uangalie hapo.

Sikuwa nimeimba tangu waliponishona. Nililia baadaye, lakini kilio kizuri. Lennox, kama mashine hiyo itaushika uzi huo ikauvuta, hama hata leo, sitauliza neno. Nitasema hata kwamba Shirleen nilimwonea.

Usichelewe kunijibu. Nakuomba kama mdogo wangu.

Kaluki


Kitengela,
29 Aprili 2003

Mwalimu,

Sitaki kukudanganya, wewe ni mtu mzima.

Tuliiweka. Tulikuwa mimi, Shirleen, yule jamaa wa Tuala, na vijana wengine wa kwaya walikuwa wamepitia tu. Kwanza tulibonyeza pale pa kunyoosha, mashine ikasema haioni noti ya kunyoosha. Jamaa akasema tuondoe kelele kwanza. Iko na mahali unabonyeza inaondoa upepo, feni, magari, hiyo takataka yote, inabaki sauti ya mtu. Tukabonyeza. Mwalimu, ilikuondoa wewe. Alibaki jogoo wenu, yule aliwika nyuma ya nyumba, safi kabisa, tena kwa noti.

Watu walicheka, sitaficha. Hata mimi nilicheka, ilikuja ghafla. Shirleen akasema basi albamu tumpe jogoo. Ni utani wa vijana tu, usiweke moyoni.

Lakini umeona vile inafanya kazi. Sasa tuhame ama tusihame? Wateja wanaisha.

Lennox


Kajiado,
6 Mei 2003

Lennox,

Jogoo tumemla.

Uliniambia hakuna atakayesikia isipokuwa wewe, kisha ukaniitia watu kama wa kutazama ndama mwenye vichwa viwili. Ulicheka. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba ulicheka, ukaniuliza habari ya wateja.

Hameni. Sina nguvu ya kushikilia mlango ambao wote mnausukuma. Kompyuta kaeni nayo. Sharti langu ni moja na ulitimize leo kabla ya kugusa kitu kingine: choma sauti zangu zote, usibakishe hata moja humo ndani. Sitaki hata pumzi yangu ibaki kwenye nyumba ya watu wanaonicheka.

Lesiamon amebeba barua hii. Atakuwa Kitengela hadi jioni.

Kaluki


Kitengela,
8 Mei 2003

Mwalimu,

Kaa chini kabla usome.

Lesiamon alipoleta barua yako mimi nilikuwa Mashuuru, nimeitwa kurekodi harusi. Aliipokea Shirleen, akaifungua, akaisoma. Nimerudi nikapata diski ya kompyuta imetolewa, iko kwa shimo la takataka nyuma ya studio, imeungua, imejikunja, inanuka plastiki. Nilishika kichwa.

Nikamuuliza, we msichana, ulikuwa unafikiria nini? Hapa mtu akisema choma si anamaanisha weka kwa CD? Si kila siku tunachomea watu? Akasema, "Hakuandika CD. Mwalimu wa Kiswahili akiandika choma, choma ni choma."

Nimesoma barua tena na tena, Mwalimu, na kweli hukuandika CD. Na vile umewaka mle ndani, hata mimi ningedhani unataka moto.

Pole. Tumeweka diski mpya na nyeusi imeingia bila shida. Lesiamon amepita tena leo, nimempatia unga wa uji wa mtoto akuletee.

Lennox


Kajiado,
13 Mei 2003

Shirleen Nalianya,

Afadhali ungekuwa mjinga. Ningekusamehe, ningelala. Lakini wewe si mjinga. Ulijua choma ni nini. Unawachomea CD maharusi, wahubiri na watoto wa Sunday school kuanzia asubuhi. Ila ilipofika zamu ya Kaluki ukaisahau lugha!

Ulinichukia zamani, ukangoja. Ukangoja mpaka nikose mdomo, ndipo ukawa shujaa. Ningekuwa na sauti ningekuja hapo mlangoni kwenu, nikakulaani mpaka mbwa wa Kitengela wakimbilie Athi River. Sasa nimebaki kukulaani kwa kalamu, na laana ya kalamu nayo ni laana.

Mtoto wangu hatawahi kunisikia. Umelielewa hilo, au nalo niliandike na CD?

Na wewe imba basi. Wakununulie mashine zote za Nairobi, wakunyooshe mpaka ukatike. Utabaki kumwita Pwana, na huyo Pwana hakujui.

Kaluki Ndambuki


Kajiado,
21 Februari 2004

Lennox,

Niambie kitu kimoja: diski mliyoichoma ilikuwa ya nani?

Jumatano nilikuwa dukani kwa Lesiamon na Mutindi mgongoni. Redio ilikuwa juu ya rafu kama kawaida, inapiga nyimbo za injili. Mtangazaji akasema sasa ni Shirleen, binti wa Kitengela anayetikisa makanisa, na wimbo ni "Nuru Imeingia". Nikasema moyoni, haya, ameiba na wimbo. Kisha sauti ikaanza.

Ni mimi. Mmeninenepesha kidogo, mmenishusha, mmenitandikia ngoma na kinanda juu yangu kama mtu anavyofunika kitu cha wizi na magunia. Lakini ni mimi. Tangu lini Shirleen akasema Bwana? Kwenye ubeti wa pili ile "ba" imetoka imepasuka vizuri, ba ya mwalimu. Kabla ya ubeti wa tatu kuna mtu anavuta makamasi, na siku hiyo nilikuwa na mafua, wewe mwenyewe ulinipa kitambaa. Na kile kiitikio! Kosa langu hilo sijawahi kuliona kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuona ya wengine. Nimeimba "nulu". Nulu, nulu, nulu, Mkamba kabisa. Kwao akina Nalianya nani anasema nulu? Mashine yenu imeshindwa kuninyoosha hapo, na Mungu ashukuriwe.

Lesiamon akatikisa kichwa akasema, "Huyu msichana, mama, Enkai, Mungu wetu, amempa." Nilimshika mkono, nikajipiga kifua, nikaonyesha redio, nikajipiga kifua tena. Akadhani nimebarikiwa. Akaniongezea sauti.

Jioni nilimwandikia Ndambuki yote. Alisoma, akakunja karatasi, akasema, "Mama Mutindi, achana nayo. Watu watasema ni wivu. Na kusema kweli Shirleen siku hizi anaimba." Mume wangu! Alinioa kwa sauti hiyo, na amekaa mezani anaisifu kwa jina la mtu mwingine.

Lakini hayo nayavumilia. Lisilovumilika ni Mutindi. Wimbo ukipigwa anaacha kila kitu, hata titi, anacheza. Anasema "Shilini, Shilini". Jana nilipiga magoti, nikamshika uso, nikamwambia kwa huu upepo wangu, huyo ni mama. Akaweka mkono juu ya mdomo wangu ili asikie Shilini vizuri.

Lennox, ulikula kwangu. Niliingiza kompyuta yangu katika studio yako kabla hujapata hata mlango wa kufunga. Sitaki mali. Sitaki aibu yenu. Nataka jina langu tu. Liseme redioni mara moja, mtu aliyeimba ni Kaluki, nimwinue mtoto wangu asikie. Baada ya hapo kaeni na wimbo.

Nijibu wewe. Usimpe yule anijibu.

Kaluki


Kitengela,
1 Machi 2004

Mwalimu Kaluki,

Lennox amekaa na barua yako siku nyingi, anaiweka chini, anaishika. Ameshindwa. Nimemwambia aniachie.

Barua yako ya mwaka jana, ile ya laana, niliiweka. Ni nzuri. Kiswahili sanifu, sikupata kosa hata moja.

Unasema anayeimba ni wewe. Redio wanasema ni mimi. Kaseti iko na picha yangu. Mchungaji ananiombea mimi. Hiyo nulu yako, vijana wote wa kwaya sasa wanaimba nulu, wanasema ni mtindo. Umeona bahati yako? Hakuna mtu amekusimamisha kwa sababu ya nulu.

Mimi ulinisimamisha. Ilikuwa Jumapili ya mavuno, kanisa limejaa mpaka nje. Ulinitoa kwa mstari, ukanyamazisha kinanda, ukaniambia niseme Bwana peke yangu. Nikasema. Ukaniambia rudia. Nikarudia. Watu wakaanza kucheka, wewe ukawa unawapungia mkono wanyamaze ili wanisikie vizuri nikikosea. Rudia, Shirleen. Ba, ba, ba. Mama yangu alikuwa ameketi nyuma. Alikuwa ametoka Bungoma na basi la usiku na kuku wa mavuno kwa kikapu, kuja kuniona nikiimba. Alitoka kabla ya sadaka. Alikufa mwaka uliofuata na hakuniuliza tena habari ya kuimba. Wewe hukumbuki, najua. Baada ya ibada ulienda kunywa chai.

Kwa hivyo hata usiniite mwizi kabla tujue nani ameibiwa na nani. Mimi sitaki makelele, na wewe pia huna.

Nataka haki. Jumamosi hii tunazindua kaseti uwanjani hapa Kitengela. Watu wa redio watakuja. Njoo. Hakuna mtu atakuzuia, nimeshasema getini. Ukifika nitasimamisha vyombo vyote, nitawaambia watu kuna mama hapa anasema sauti hii ni yake, na maiki nitakuletea mimi mwenyewe mpaka mkononi. Imba mstari mmoja tu. Ukiuimba, natangaza hapo hapo kwamba ni wewe, na picha yangu natoa kwa kaseti.

Na umlete Mutindi. Nitamwekea kiti mbele kabisa, amsikie mama yake.

Shirleen Nalianya